MWANAMUME KAZINI NA MAARIFA YA AFYA YAKE
Wajibu wa Chama cha Msingi



Tuanze kwa mfano. Mkulima mmoja wa pamba, mtu mwenye nguvu zake na asiyejulikana kwa kulalamika, amepulizia dawa ya wadudu tangu asubuhi hadi adhuhuri. Bomba lake linavuja kidogo kwenye kifuniko, na shati lake limelowa mgongoni. Jioni kichwa kinamuuma, jasho linamtoka ingawa amekaa kivulini, tumbo linamsokota, na mate yanamjaa kinywani. Anasema, "Hii ni malaria tu." Anamtuma mtoto dukani kuleta vidonge, anavimeza, anajilaza. Usiku anatapika na kupumua kwa shida. Anapofikishwa zahanati alfajiri, tabibu anauliza swali moja: "Alikuwa anapulizia dawa gani?" Hakuna anayejua. Chupa imetupwa, na lebo yake ilikwisha kubanduka siku nyingi.

Mfano huu tumeutunga, wala haumhusu mwanachama yeyote. Hata hivyo, kila katibu aliyewahi kugawa pembejeo atakiri kwamba jambo hili laweza kutokea kijijini kwake. Yafaa tujiulize: mtu huyu alikosa nini? Hakukosa bidii, wala hakukosa zahanati. Alikosa maarifa. Hakusoma kilichoandikwa kwenye chupa, hakumwuliza mtu ajuaye, na chama chake hakikumwekea nafasi ya kufanya mojawapo ya mambo hayo mawili. Tena liko jambo linalotugusa sisi wenyewe: chupa ile ilitoka katika ghala la chama, na aliyetia saini ya kuipokea ni katibu.

Makala haya yanaeleza maana ya maarifa ya afya, sababu za wanaume wa kazi ngumu kuyakosa, na mambo ambayo chama cha msingi kinaweza kuyafanya bila kungoja msaada kutoka mbali.

MAARIFA YA AFYA NI NINI?

Wengi wetu tukisikia maneno "elimu ya afya" hufikiria hotuba ya bwana afya juu ya vyoo na maji ya kuchemsha. Hotuba hizo zina manufaa, lakini maarifa ya afya ni zaidi ya kusikiliza hotuba. Ni uwezo wa mtu kuipata habari inayohusu mwili wake, kuielewa, kuipima, na kuitumia anapoamua la kufanya.

Mtaalamu Don Nutbeam, katika makala yake ya mwaka 2000, aliyagawa maarifa hayo katika ngazi tatu. Kwa lugha ya chama tunaweza kuziita hivi: kusoma, kuuliza, na kuhoji pamoja. Ngazi ya kwanza ni ya mtu anayeweza kusoma lebo, bahasha ya vidonge au cheti cha hospitali na kufuata maelezo yake. Ngazi ya pili ni ya mtu anayeweza kuzungumza na tabibu, akaeleza hali yake na kuuliza asilolielewa. Ngazi ya tatu ni ya watu wanaoweza kukaa pamoja, wakachunguza kwa nini kazi yao inawaumiza, na wakadai au kutengeneza mabadiliko.

Mwanaushirika ataona mara moja kwamba ngazi hiyo ya tatu ndiyo hasa kazi ya ushirika. Mtu mmoja hawezi kubadili mtambo wa kiwanda wala kununua glavu za kijiji kizima. Chama kinaweza.

KWA NINI TUNAZUNGUMZIA WANAUME?

Hatusemi kwamba wanawake hawana taabu zao. Wako wanawake wanaopulizia dawa, na wako wengi zaidi wanaochota maji ya kuchanganyia na kufua nguo zilizolowa sumu. Hata hivyo, kazi kadhaa katika ushirika wetu hufanywa karibu zote na wanaume: kupulizia dawa, kupakia na kupakua marobota, kuendesha malori, kuhudumia mitambo ya kuchambulia pamba, na kulinda maghala usiku. Na wanaume hao wanaikosa elimu ya afya kwa sababu zinazoeleweka.

Kwanza, mwanamke huanza kuizoea zahanati mapema. Anakwenda anapokuwa mjamzito, kisha anampeleka mtoto kupimwa uzito na kuchanjwa. Kila aendapo hupimwa na kufundishwa jambo, hata kama yeye mwenyewe haumwi. Mwanamume hana safari kama hizo. Aweza kutimiza umri wa miaka 45 bila kuwahi kupimwa shinikizo la damu hata mara moja.

Pili, saa za zahanati ni saa za kazi. Mpakiaji anayelipwa kwa kutwa akienda kupanga foleni asubuhi, siku hiyo hana posho. Dereva aliye safarini leo hajui kesho atalala wapi.

Tatu, iko desturi ya kujikaza kisabuni. Kijana aingiapo katika kundi la wapakiaji hujifunza upesi kwamba anayesema "mgongo unaniuma" huchekwa. Anayevaa glavu huulizwa kama anaogopa kuharibu kucha. Desturi hiyo ina asili yake: kazi ngumu huhitaji watu wanaotegemeana, na hakuna anayetaka kuonekana mzigo kwa wenziwe. Lakini wahenga walikwisha kutuonya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Uvumilivu ni sifa njema ya kubebea gunia. Si njia ya kutambua ugonjwa.

Nne, wapo wasiojua kusoma vizuri, na wanaona haya kusema hivyo mbele ya vijana. Mtu wa namna hiyo akipewa chupa huitikia tu kwa kichwa, kisha hukadiria kipimo kwa kifuniko.

NGAZI YA KWANZA: KUSOMA LEBO

Lebo ya kiuatilifu ni hati muhimu kuliko risiti yake. Inaonyesha jina la dawa na kiini chake, namba ya usajili, tarehe ya kwisha muda, kipimo, namna ya kujikinga, siku za kungoja kabla ya kuvuna, na maelezo kwa tabibu iwapo mtu atadhurika. Katika Tanzania Bara viuatilifu husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Chupa isiyo na namba ya usajili, au dawa iliyohamishiwa katika chupa ya soda, isipokewe ghalani kabisa.

Hata asiyejua kusoma aweza kutambua ukanda wa rangi ulio chini ya lebo. Rangi hizo zinafuata madaraja ya sumu yaliyowekwa na Shirika la Afya Duniani:

Nyekundu – sumu kali au kali mno.
Njano – sumu ya wastani, yenye kudhuru.
Bluu – sumu kidogo. Tahadhari ni lazima.
Kijani – haielekei kudhuru upesi ikitumiwa ipasavyo.

Angalia kwamba rangi ya kijani haina maana ya "salama". Aidha, rangi hizi hupima madhara ya papo hapo tu, siyo yale yanayojilimbikiza mwilini mwaka hata mwaka. Vivyo hivyo, picha ndogo zilizochorwa kwenye lebo hazijielezi zenyewe. Uchunguzi wa Hanna-Andrea Rother miongoni mwa wafanyakazi wa mashamba Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba wengi hawakuzielewa picha hizo kama wachoraji wake walivyokusudia. Kwa hiyo katibu asiseme, "Picha zipo, watajionea." Picha hufundishwa kama herufi zinavyofundishwa.

Kipimo nacho huwatatiza wengi, kwa sababu lebo huandikwa kwa bomba la ukubwa mmoja na mkulima ana bomba la ukubwa mwingine. Tuseme lebo inaagiza mililita 40 kwa lita 20 za maji, na bomba la mwanachama ni la lita 15. Gawanya 40 kwa 20, upate mililita 2 kwa kila lita. Zidisha 2 kwa 15, upate mililita 30. Hicho ndicho kipimo cha bomba lake. Hesabu hii iandikwe ubaoni ghalani, kwa kila dawa inayogawiwa na kwa kila ukubwa wa bomba uliopo kijijini. Mwenye kuzidisha kipimo haui wadudu zaidi. Anapoteza fedha na kuongeza sumu mwilini mwake.

SUMU HUINGIAJE MWILINI?

Hapa liko kosa ambalo hata watu wenye elimu hulifanya. Wapulizaji wengi hujifunga kitambaa puani, wakadhani wamekwisha kujikinga. Ukweli ni kwamba kwa mtu anayepulizia shambani, sehemu kubwa ya sumu hupita katika ngozi: mikononi anapochanganya, mgongoni bomba linapovuja, na miguuni anapopita kati ya mimea iliyolowa. Dawa isiyochanganywa na maji ndiyo hatari kupita zote, kwa hiyo saa ya kuchanganya inahitaji uangalifu kuliko saa ya kupulizia.

Kwa sababu hiyo mpulizaji na avae glavu za mpira, mabuti, suruali ndefu iliyoshuka nje ya buti, shati la mikono mirefu, kofia, na miwani ya kinga anapochanganya. Pia barakoa ya aina iliyotajwa kwenye lebo. Kabla ya kuanza alijaze bomba maji matupu aone kama linavuja. Asipulizie kuelekea upepo unakotoka. Mdomo wa bomba ukiziba, auzibue kwa maji au kwa kijiti laini, kamwe asiupulize kwa kinywa chake. Asile, asinywe wala asivute sigara kabla ya kunawa kwa sabuni. Nguo za kazi zifuliwe mbali na nguo nyingine, na anayezifua ajulishwe kwamba zina sumu. Chupa tupu isuuzwe mara tatu, maji yake yamiminwe katika bomba, kisha itobolewe. Chupa ya dawa haigeuzwi kuwa ya mafuta ya taa wala ya maji ya kunywa.

Wako wanaoamini kwamba kunywa maziwa baada ya kupulizia huondoa sumu. Maziwa ni chakula chema, lakini hayaondoi sumu iliyokwisha kupita katika ngozi. Imani hiyo ina madhara, kwani humfanya mtu aache glavu akitumaini kikombe cha jioni.

KUTOFAUTISHA SUMU NA MALARIA

Baadhi ya viuadudu, hasa vya jamii ya oganofosfeti na ya kabameti, huzuia kimeng'enya kinachotuliza mishipa ya fahamu. Matokeo yake misuli na tezi hufanya kazi bila kupumzika. Dalili zake ni kuumwa kichwa, jasho jingi, mate na machozi, tumbo kusokota, kutapika, kuharisha, kuona ukungu, misuli kutetemeka, kifua kubana, na mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya sindano. Dalili zaweza kuanza baada ya dakika chache au baada ya saa kadhaa.

Mtu akiona kichwa, kutapika na unyonge, ni rahisi kusema malaria. Kanuni ya kukumbuka ni hii: mtu aliyeshika dawa leo au jana, akiumwa, asijitibu mwenyewe. Apelekwe zahanati, na atakayempeleka aseme mapema, hata kabla ya kuulizwa, kwamba mgonjwa alikuwa anapulizia dawa. Malaria itapimwa kwa kipimo cha damu. Sumu nayo itaangaliwa. Iko dawa inayoitwa atropini, ambayo wataalamu huitumia kwa sumu za jamii hizo, lakini hawawezi kuitoa kwa kubahatisha. Kwa hiyo chupa yenye lebo, au lebo peke yake, ifuatane na mgonjwa.

Kabla ya kufika zahanati, watu waliopo wafanye haya: wamwondoe mgonjwa shambani, wamvue nguo zilizolowa, wao wenyewe wakiwa wamejikinga mikono, waioshe ngozi yake kwa maji mengi na sabuni, macho yakiingia dawa yaoshwe kwa maji safi kwa muda wa dakika 15, akilegea alazwe kwa ubavu ili matapishi yasimkabe. Asilazimishwe kutapika isipokuwa mtaalamu ameagiza, wala aliyepoteza fahamu asipewe kitu kinywani.

GHALANI NA KIWANDANI

Kupulizia si kazi pekee yenye mambo ya kusomwa. Mwili wenyewe hutoa habari, na mwenye maarifa huzielewa.

Vumbi la pamba huweza kuleta ugonjwa wa mapafu uitwao bisinosisi. Dalili yake ya mwanzo ina tabia ya ajabu: kifua hubana siku ya kwanza ya kazi baada ya mapumziko, kisha mtu hupata nafuu siku zinazofuata. Mfanyakazi husema, "Ni uvivu wa Jumatatu," na wenzake hucheka. Kumbe anaitaja dalili ambayo daktari angependa kuisikia. Akiendelea miaka mingi bila kinga, kubana huko huenea juma zima na mapafu yaweza kuharibika kabisa. Mwenye kuvuta sigara huongeza hatari.

Kuhusu mizigo, Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo lake Na. 128 la mwaka 1967, lilitaja kilo 55 kuwa kikomo cha mzigo wa kubebwa na mwanamume mmoja mtu mzima. Wapakiaji wetu watastaajabu kusikia hivyo, maana gunia la kilo 100 kwao ni jambo la kila siku. Maumivu ya mgongo yanayoshuka hadi mguuni, ganzi ya mguu, au kushindwa kuuzuia mkojo si mambo ya kukandwa kwa maji ya moto tu. Ni ishara za kwenda hospitali, na hiyo ya mkojo ni ya kwenda siku ile ile.

NGAZI YA PILI: KUULIZA

Magonjwa mengine hayaumi, kwa hiyo hayasomeki bila kipimo. La kwanza ni shinikizo la damu. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba watu wazima wapatao bilioni 1.28, wenye umri kati ya miaka 30 na 79, walikuwa nalo, na kwamba karibu asilimia 46 kati yao hawakujua. Dereva mnene anayekaa kwenye usukani saa kumi, na mlinzi mwembamba asiyelala usiku, wote wawili waweza kuwa nalo bila kuhisi lolote, hadi siku ya kupooza.

Kipimo chake huandikwa kwa namba mbili. Ya juu ni nguvu ya damu moyo unapopiga. Ya chini ni nguvu yake moyo unapotulia kati ya pigo na pigo. Ikiwa namba hizo, zikipimwa siku tofauti, zinafika 140 kwa 90 au zaidi, mtu huyo anahitaji uangalizi wa daktari. Kila mwanamume aliyefikia makamo na azijue namba zake kama azijuavyo kilo alizopima mizanini.

Jambo la pili ni vidonge. Bahasha ikiandikwa "1 x 3", maana yake ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku, siyo vitatu kwa mkupuo. Dawa za kifua kikuu cha kawaida humezwa kwa muda wa miezi 6, nazo hutolewa bila malipo. Mgonjwa wengi hupata nafuu baada ya majuma machache, naye akiwa mtu wa kazi hurudi kazini na kuacha dawa. Vijidudu vilivyobaki huweza kuwa sugu, na sasa anawaambukiza wenzake walio naye ghalani. Kikohozi kilichozidi majuma mawili hakipaswi kungojewa.

Wengi hutoka chumba cha tabibu bila kuelewa walichoambiwa, kwa kuona aibu kuuliza. Kuuliza si ujinga. Tunapendekeza kila mwanachama ajifunze maswali matano:

1. Ninaumwa nini?
2. Dawa hii naimeza vipi, na kwa siku ngapi?
3. Nikisahau kumeza, nifanye nini?
4. Je, kazi yangu inahusika na ugonjwa huu?
5. Nikiona dalili gani nirudi mara moja?

Swali la nne lisisahauliwe. Tabibu mwenye wagonjwa wengi aweza asikumbuke kuuliza kazi ya mtu. Mgonjwa anayesema, "Mimi ni mpulizaji," au "Mimi ninafanya kazi kwenye vumbi la pamba," amekwisha kumsaidia nusu ya njia.

NGAZI YA TATU: KUHOJI PAMOJA

Mtu aweza kusoma lebo vizuri na bado akaenda shambani mikono mitupu, kwa sababu glavu hazipo. Hapo kosa si la ujinga wake. Maarifa yasiyo na vifaa huzaa manung'uniko tu.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri wa Tanzania Bara alinde usalama na afya ya watu wake kazini na kuwapatia vifaa vya kinga. Chama kinachoajiri wapakiaji, walinzi au mafundi ni mwajiri. Haitoshi kusema kwamba ni vibarua wa msimu. Mkulima aliye katika shamba lake mwenyewe hana mwajiri wa kumdai. Chama chake ndicho tegemeo lake.

Kwa hiyo mkutano wa wanachama na uulize: Je, glavu, mabuti na miwani vimeingizwa katika orodha ya pembejeo kama dawa zenyewe? Je, tumechagua dawa yenye ukanda wa njano wakati iko ya bluu inayofaa kazi ile ile? Bwana au bibi shamba ashauriwe kabla ya kuagiza. Je, ghala la dawa limetengwa na ghala la pamba na la chakula, na lina maji na sabuni? Je, magunia yanaweza kupunguzwa uzito, au kubebwa kwa mkokoteni? Je, mpakiaji anayekwenda kupimwa anapoteza posho ya siku nzima? Maswali haya yakiandikwa katika kumbukumbu za mkutano, yatapaswa kujibiwa katika mkutano unaofuata.

TUNAWEZA KUANZAJE?

Nchi yetu ina uzoefu wa jambo hili. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya "Mtu ni Afya", chini ya uongozi wa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasomewa kijitabu na mmoja wao, wakajadiliana juu ya malaria, minyoo, kichocho, kuhara na kifua kikuu, kisha wakatoka kwenda kufanya kazi waliyokubaliana: kufyeka, kuchimba vyoo, kusafisha visima. Asiyejua kusoma hakuachwa nje. Aliyejua kusoma alisoma kwa sauti, na wote wakafikiri.

Utaratibu ule unafaa hata sasa. Tunapendekeza kila chama kifanye vikao vinne vya nusu saa kila msimu, mahali wanaume walipo tayari. Kikao cha kwanza kiwe ghalani siku ya kugawa dawa: lebo na kipimo. Cha pili kiwe kabla ya mzunguko wa kwanza wa kupulizia: dalili za sumu na huduma ya kwanza. Cha tatu kiwe kwenye kituo cha kununulia pamba, mtumishi wa zahanati akialikwa na kipimo chake cha shinikizo la damu: namba mbili na bahasha ya vidonge. Cha nne kiwe kabla ya mkutano mkuu: mahitaji ya kinga yatakayoingizwa katika makisio ya mwaka. Wapakiaji nao wafikiwe kabla ya zamu yao kuanza, siyo wakiwa wamechoka.

Yako mambo mawili ya kuzingatiwa na mwongozaji wa kikao. La kwanza, asiulize, "Mmeelewa?" Wanaume wakiulizwa hivyo mbele ya wenzao hujibu "ndiyo" hata wasipoelewa. Badala yake amwombe mmoja achukue chupa, aeleze kwa maneno yake atakavyochanganya, na wengine wamsahihishe. La pili, mzee anayeheshimiwa kwa nguvu na kazi yake awe wa kwanza kuvaa glavu na wa kwanza kunyoosha mkono apimwe. Vijana hawafuati tangazo la ukutani. Humfuata yule wanayemwona kuwa mwanamume kweli kweli. Akijilinda yeye, kicheko kitakwisha.

HITIMISHO

Ndugu Makatibu, katika vijiji vingi ninyi ndio mnaowasomea wanachama stakabadhi zao, kilo zao na malipo yao. Mwanachama huwaamini kwa sababu anajua kwamba mkisoma vibaya atapoteza fedha. Lebo ya dawa nayo isomwe kwa uaminifu ule ule, maana ikisomwa vibaya atapoteza kisichorudishwa kwa nyongeza ya malipo ya msimu.

Tunaomba, basi, kwamba kabla ya dawa ya msimu ujao kutoka ghalani, kila chama kiwe kimefanya walau kikao kimoja, kiwe na ubao wa vipimo, na kiwe na daftari lenye jina la kila dawa iliyogawiwa, tarehe, na jina la aliyeichukua. Daftari hilo ni kazi ya dakika chache kwa siku. Lakini alfajiri ile tabibu atakapouliza, "Alikuwa anapulizia dawa gani?", yuko mtu atakayeweza kujibu.